Marobota yamejaa uani: je, sheria inaweza kuleta mnunuzi?

Swali

Shikamoo mzee. Mimi ni mtu wa Uvira, niko San Diego mwaka wa sita sasa. Nafanya kazi kwenye kituo cha kuchambua taka, nasimama kwenye mkanda wa plastiki. Kila wiki tunafunga marobota, na mengine yanakaa uani mpaka jua linayababua. Msimamizi anasema soko limekufa. Lakini kwenye mkutano mmoja tuliambiwa California ina sheria nyingi za kukuza soko la vitu vilivyorejelezwa, na kuna mabilioni ya dola yanakuja. Nauliza: sheria inaundaje soko? Hizo pesa zinatoka kwa nani? Na sisi watu wanne tumechanga kidogo, tunataka kununua mashine ya kusaga plastiki. Tunaweza kupata mkopo wa jimbo, au tutapoteza tulichochanga?

Jibu

Marahaba, binti. Umeuliza matatu kwa mpigo, na la mwisho ndilo linaloweza kukuumiza, kwa hiyo nitalirudia kwa makini. Vumilia kwanza nikueleze mengine mawili, maana bila hayo hilo la mashine halijibiki.

Tuanze na uani kwenu. Tazama ni marobota gani yanayokaa. Naamini ya makopo ya alumini hayakai. Lori linayafuata hata kabla hamjamaliza kufunga kamba. Hata huko Uvira, au ng'ambo Bujumbura, hakuna sheria iliyomfundisha mtu kununua shaba na alumini chakavu. Mnunuzi anajileta mwenyewe, kwa sababu kuyeyusha kopo kuukuu kunatumia umeme pungufu kwa karibu asilimia 95 kuliko kutengeneza alumini kutoka kwenye udongo wake. Faida imo ndani ya chuma chenyewe.

Plastiki haina bahati hiyo. Mshindani wake ni plastiki mpya inayotokana na mafuta na gesi. Bei ya mafuta ikishuka, plastiki mpya inashuka nayo, ilhali gharama yenu ya kukusanya, kuchambua, kuosha na kusaga iko palepale. Basi bei ya robota lako inapangwa na watu ambao hawajawahi kuliona. Msimamizi wako akisema soko limekufa, maana yake ni kwamba wiki hii aliye na kiwanda cha chupa anaona nafuu kununua punje mpya, yaani chembe za plastiki ambayo haijawahi kutumika.

Serikali za majimbo ya Marekani zilichelewa kulielewa hili, tena zilifundishwa kwa aibu. Mwaka 1987 tishari lililoitwa Mobro 4000 lilibeba zaidi ya tani 3,000 za taka kutoka New York, likafukuzwa North Carolina, likashuka pwani mpaka Mexico na Belize, likarudi na mzigo wake wote, na mwishowe taka zikachomwa Brooklyn. Nchi nzima ilitazama kwenye televisheni. Aprili mwaka huohuo New Jersey ikatunga mojawapo ya sheria za kwanza za jimbo zima kuwalazimisha watu kutenganisha taka majumbani, na majimbo jirani yakafuata. Wabunge walidhani kazi imekwisha: watu watenganishe, malori yakusanye, vitu vitajitafutia pa kwenda.

Havikwenda. Magazeti ya zamani yalimiminika sokoni kuliko viwanda vya karatasi vilivyoweza kuyameza, na ilipofika 1989 miji iliyozoea kulipwa kwa magazeti yake ikawa inalipa ili yachukuliwe. Ilikuwa kama kuwaambia wakulima wote wa bonde walime nyanya msimu mmoja bila kuuliza nani atazila. Kila ninapoona jimbo linajisifu kwa wingi wa mapipa liliyogawa, nakumbuka hizo nyanya.

California ilikuwa inatazama. Mwaka 1989 ilipitisha sheria kubwa ya taka, AB 939, iliyotaka kila mji na kaunti ipunguze taka zinazokwenda dampo kwa asilimia 25 ifikapo 1995 na asilimia 50 ifikapo 2000. Hiyo ni sheria ya kukusanya, sawa na ya New Jersey. Lakini mwaka huohuo ilipitisha nyingine ambayo watu wengi wameisahau, AB 1305, iliyowageukia wachapishaji wa magazeti: sehemu ya karatasi mnayotumia iwe imetokana na karatasi kuukuu, muanze na asilimia 25 mwaka 1991 na mpande hadi 50 mwaka 2000. Hapo mzigo ukawekwa begani kwa mnunuzi. Majimbo mengine yalitunga zinazofanana nayo, viwanda vikaanza kufunga mitambo ya kuondoa wino, na kufikia 1995 bei ya karatasi kuukuu ilikuwa imepanda kiasi kwamba wezi walikuwa wakipita usiku kuiba magazeti yaliyowekwa kando ya barabara. Haikuchukua muda bei ikaanguka tena, sikufichi. Sheria haikufuta mawimbi ya bei, ila ilihakikisha viwanda vipo wimbi linaporudi.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Sheria inaunda soko pale inapomlazimisha, au inapomlipa, mtu anunue kitu ambacho kwa bei ya leo asingekinunua. Sheria isiyomgusa mnunuzi inapanga taka vizuri tu.

Kwa plastiki somo lilisahaulika kwa miaka zaidi ya ishirini, na sababu ni China. Meli zilikuwa zikileta bidhaa Los Angeles, Long Beach na Oakland, kisha zinarudi Asia na makontena matupu, na nauli ya kurudi ilikuwa karibu na bure. Kwa nini uhangaike kujenga kiwanda hapa wakati kuna mtu ng'ambo anayenunua kila kitu, hata kikiwa kichafu? Mimi mwenyewe nimeona marobota ya karatasi mchanganyiko yenye nepi ndani yakipakiwa na hakuna aliyejali. Julai 2017 China ikatangaza kwamba itazuia aina 24 za taka kutoka nje. Januari 2018 katazo likaanza kazi, na Machi kiwango cha uchafu kinachoruhusiwa kwa zilizobaki kikawekwa nusu ya asilimia moja. Nusu! Simama kwenye mkanda wako uniambie kama hilo linawezekana kwa kasi mnayofanyia kazi. Kufikia 2021 China ilikuwa imefunga mlango kabisa.

Kampuni moja kubwa ya karatasi ya China, Nine Dragons, ilifanya jambo ambalo sijaacha kulisimulia: mwaka 2018 ilikuja kununua viwanda vya karatasi hapahapa Marekani, kikiwemo cha Rumford huko Maine na cha Biron huko Wisconsin. Wenye kuujua mchezo walifuata malighafi ilipo. Mabunge ya majimbo yalikuwa bado yanaunda kamati.

Kamati hizo zilizaa matunda mwaka 2020, California ilipopitisha AB 793, ya kwanza ya aina yake nchini. Inasema chupa za plastiki za vinywaji vilivyo kwenye mpango wa amana (ile pesa unayorudishiwa ukirudisha chupa) ziwe na plastiki iliyorejelezwa asilimia 15 kuanzia 2022, asilimia 25 kuanzia 2025 na asilimia 50 kuanzia 2030. Asiyefikia anatozwa senti 20 kwa kila ratili aliyopungukiwa. Ni AB 1305 ya magazeti iliyovishwa nguo mpya, na kwa maoni yangu ndiyo kipande bora kuliko vyote jimbo lilivyotunga katika jambo hili. Haigawi hata senti moja ya hazina. Inamwambia muuza soda: mnunuzi ni wewe. Washington na New Jersey zimefuata kwa sheria za namna hiyo.

Sasa utauliza, kama ni nzuri hivyo, mbona marobota bado yako uani? Kwa sababu sheria inadai chupa iwe na plastiki iliyorejelezwa, haidai iwe imerejelezwa hapa. Mtengenezaji anaweza kuagiza punje kutoka Asia, zikashuka bandarini kwa bei ya chini kuliko ya kiwanda kilicho saa moja kutoka kwenu, na hesabu yake ikatimia. Usikimbilie kuwalaumu wabunge. Katiba ya Marekani inayakataza majimbo kubagua bidhaa kwa sababu ya zilikotoka. Mahakama Kuu iliamua hivyo mwaka 1978 katika kesi ya jiji la Philadelphia dhidi ya New Jersey, ambako jimbo lilijaribu kuzuia taka za jirani zisiingie kwenye madampo yake. Taka nazo ni biashara kati ya majimbo, ikasema mahakama. Kwa hiyo jimbo likishika fimbo, haliwezi kusema "nunua ya San Diego". Likishika mkoba wa fedha zake, lina uhuru mkubwa zaidi wa kuchagua nani wa kumpa. Ndiyo maana sheria hizi siku zote zina mikono miwili, wa kulazimisha na wa kulipa.

Tuje kwenye pesa. Zinatoka mfukoni mwetu, ndiyo. Ila inapita njia mbalimbali, na njia ndiyo inayoamua kama mfuko utadumu.

Njia ya zamani ni ada ya dampo. California inatoza dola 1.40 kwa kila tani inayozikwa. Pennsylvania tangu sheria yake ya 1988 inatoza dola 2 na kuzigawa kwa miji kama misaada ya urejelezaji. Ni rahisi kukusanya, na ina kasoro ambayo hata mtoto ataiona: mkifanikiwa kupunguza taka, mfuko unakauka. Ni kama kulipa mshahara wa daktari kwa kodi ya majeneza.

Njia ya pili ni amana, ile senti 5 kwa chupa iliyo chini ya aunsi 24 na senti 10 kwa kubwa zaidi, unayoidai ukirudisha. Sheria yake ni ya 1986. Zisizodaiwa zinabaki kwenye mfuko, na mfuko huo umewahi kulimbikiza mamia ya mamilioni ya dola. Kutoka humo jimbo limekuwa likiwalipa wanaosafisha plastiki za chupa ndani ya California na wanaozigeuza bidhaa humuhumu, hadi dola 150 kwa tani. Huo ndio mkono wa kulipa niliousema. Lakini tazama kilichotokea tarehe 5 Agosti 2019. Kampuni ya rePlanet, iliyokuwa na vituo vingi kuliko zote vya kurudishia chupa California, ilifunga vituo vyake vyote 284 kwa siku moja, na watu kama 750 wakakosa kazi. Mfuko ulikuwa na pesa tele siku hiyohiyo. Tatizo lilikuwa hesabu: malipo ya jimbo yalifuata kanuni inayotazama bei za nyuma, na bei za alumini na plastiki ziliporomoka haraka kuliko kanuni ilivyoweza kuzifuata. Wazee wanaosukuma vitoroli vya chupa mtaani kwako wanaikumbuka siku ile kuliko mchumi yeyote.

Kuna njia ya tatu ambayo haina makelele, nami naipenda. Ukinunua tairi jipya hapa unalipa ada ya dola 1.75. Sehemu yake inaenda kwenye kazi ya matairi makuukuu, ikiwemo kuzisaidia kaunti kuweka lami iliyochanganywa na mpira uliosagwa. Tena sheria ya mwaka 2005 iliilazimisha idara ya barabara, Caltrans, kutumia lami ya aina hiyo kwa viwango vinavyopanda. Angalia ilivyosukwa: anayechafua analipa, msagaji anasaidiwa, na mnunuzi mkuu ni serikali yenyewe, ambayo haitaacha kujenga barabara kwa sababu bei ya mafuta imeshuka. Laiti plastiki nayo ingekuwa na barabara yake!

Na yale mabilioni mliyoambiwa mkutanoni? Hayo ni ya sheria ya California iitwayo SB 54, iliyotiwa saini na Gavana Newsom Juni 30, 2022. Inawataka wazalishaji wa vifungashio wajiunge kwenye shirika moja, walipe ada kulingana na wanachouza, na kufikia 2032 vifungashio vyao vyote viwe vya kurejelezeka au kuozeka, na asilimia 65 ya vile vya plastiki vya kutumika mara moja virejelezwe kwelikweli. Maine na Oregon zilitangulia kwa sheria za wajibu wa mzalishaji mwaka 2021, Colorado ilifuata 2022, nyingine zimejiunga baadaye. Kila moja ina vipengele vyake ambavyo havikuhusu leo.

Kinachokuhusu ni hiki, na nakiandika kwa sababu nimewasikia wengi wakichanganya. Dola bilioni 5 za SB 54, yaani milioni 500 kwa mwaka kwa miaka kumi kuanzia 2027, zimewekwa kwa ajili ya kurekebisha madhara ya plastiki kwa mazingira na kwa jamii zilizoumia. Hazikuwekwa kununua mashine za kusagia. Fedha za kuboresha ukusanyaji, uchambuzi na viwanda zinatakiwa zitoke kwenye ada ambazo wazalishaji wanalipa shirika lao, nazo ni hesabu nyingine. Hata kanuni za utekelezaji hazikuja kwa urahisi: Machi 2025 gavana aliamuru zianze kuandikwa upya kwa kuhofia gharama. Mtu akikwambia leo "lipa nikuunganishe na hela za SB 54", shika mkoba wako.

Sasa mashine.

Mkopo wa jimbo upo kweli. CalRecycle, idara ya jimbo inayosimamia urejelezaji, ina mpango wa kanda za kukuza masoko ya urejelezaji, uliozaliwa katika wimbi lile la 1989. Kuna takriban kanda 40, kutoka mpaka wa Oregon mpaka huko kwenu, na biashara iliyo ndani ya kanda inaweza kuomba mkopo wa riba nafuu hadi dola milioni 2, usiozidi asilimia 75 ya gharama ya mradi. Angalia hilo la 75: lazima robo itoke kwenu. Na fedha hizo zinamlenga anayetengeneza bidhaa au anayeiongezea malighafi thamani. Anayekusanya na kuuza kama ilivyo hahesabiki. Kila kanda ina msimamizi, ushauri wake ni bure, na mkienda hamna haja ya kuvaa suti. Nendeni na karatasi ya hesabu.

Lakini kabla ya mkopo, tambueni AB 793 imewajengea soko akina nani. Inahusu chupa za vinywaji, hasa ile plastiki namba 1 (namba inayochapwa kwenye chombo kuonyesha aina ya plastiki). Kuigeuza chupa kuukuu iwe chupa mpya ya kunywea kunahitaji mtambo wa kuosha kwa maji ya moto, kuchuja, kuyeyusha na kupata idhini ya usalama wa chakula. Hizo si pesa za watu wanne waliochanga. Kwa maneno mengine, pale ambapo sheria imesimika mnunuzi kwa nguvu, mlango ni mrefu kuliko ngazi yenu. Nasikitika, ila ndivyo sheria hizi zilivyo: zinapendelea mwenye mtaji, hata pale zilipotungwa kwa nia njema.

Mahali penu naona ni plastiki namba 2 na namba 5: madumu, ndoo, kreti, mapipa ya viwandani. Na msizitoe kwenye mkanda wenu wa kazini, ambako zinachanganyika na kila aina ya uchafu. Ziendeeni mashambani, kwenye maghala na viwanda vya chakula, ambako zinatoka kwa wingi, aina moja, zikiwa karibu safi. Madumu yasiyo na rangi yawekeni peke yake, mnunuzi anayalipa zaidi kuliko ya rangi. Mashine ya kusaga yenyewe ndiyo gharama ndogo. Visu vya kunoa, umeme, vumbi, bima ya wafanyakazi na kibali cha mahali pa kazi ndivyo vitakavyowala mkizembea.

Na msinunue mashine kwanza. Niliwahi kushauri kikundi kilichonunua mashine, kikasaga kontena zima, kisha mnunuzi akashika konzi moja ya vipande, akavinusa, akaondoka. Vilikuwa na harufu ya dawa ya shamba. Hakuna aliyekuwa amemuuliza anataka nini. Kwa hiyo mtafuteni mtu mwenye mashine mumlipe awasagie ratili hamsini, mzipeleke kwa watengenezaji wawili au watatu wa mabomba, sufuria za maua au kreti walio umbali ambao lori linaweza kwenda na kurudi siku moja. Waulizeni wanakubali uchafu kiasi gani, unyevu kiasi gani, wanataka tani ngapi kwa mwezi, na kama bei yao inapanda na kushuka na plastiki mpya au wanaweza kukubali bei ya chini kabisa isiyovukwa, hata kwa miezi sita. Mkipata mmoja wa kuliandika hilo na kutia saini, chukueni barua hiyo ndipo muende kwa msimamizi wa kanda. Mkiwakosa wote watatu, mtakuwa mmepoteza mafuta ya gari na Jumamosi mbili. Niandikie tena uniambie walisema nini, hasa kuhusu unyevu.